Msalaba wa Mlangoni

Lebo ile ya muziki ilianzia kwenye gereji ya nyumba moja huko Penrith, huku ughaibuni, na sauti ya kwanza kutoka humo ilikuwa yangu. Naliweka hilo mezani mapema, maana siku hizi wako wanaoisimulia historia yake wakaniruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Wanaanzia sahani ya pili ya santuri. Wanamtaja yaya, mwimbaji aliyenifuata. Wanasema, loo, ile sauti ya asali. Sawa, ya asali. Lakini aliyempeleka yaya kwenye gereji ile ni mimi, ndani ya gari langu, mafuta yangu.

Mwenye lebo alikuwa Mtanzania mwenzangu, fundi wa lifti kwenye maghorofa ya Parramatta. Nilimwita kaka, yeye akaniita dada, ingawa hatuna hata shangazi mmoja wa kuchangia. Siku za kazi alishinda kwenye mashimo ya lifti za watu. Akirudi nyumbani alikuwa na ugonjwa mmoja tu, muziki wa soul na funk. Sahani za santuri zilijaa sebuleni kwake mpaka juu ya kabati la vyombo, na mkewe alikwishazoea kupita ubavuubavu kwenda jikoni. Baba yake marehemu alipiga besi kwenye bendi moja ya Dar es Salaam, zamani zile za suruali pana na viatu vya soli nene, vijana walipokuwa wakienda kucheza soul kwenye kumbi za dansi. Bendi ikafa, mikanda ikafutwa ili irekodiwe mambo mengine, na mzee akaondoka duniani bila kuacha hata wimbo mmoja wa kumsikilizisha mjukuu. Hilo lilimkereketa kaka moyoni. Akaamua kutengeneza sahani zake mwenyewe, ndogo, wimbo mmoja kila upande kama za enzi hizo, na uimbwe Kiswahili.

Mimi alinipata harusini. Tulikuwa kwenye ukumbi mmoja Blacktown, spika zikazimika katikati ya wimbo, na badala ya kushuka nikaendelea hivyo hivyo bila maiki. Watu wa jikoni walitoka na miko mikononi kuja kutazama. Baadaye kaka akanifuata na sahani ya pilau, akaniuliza sauti hiyo nilikuwa nimeificha wapi siku zote. Nikamwambia sijaificha, ni watu tu hawana masikio. Alicheka sana, na wiki iliyofuata nikapanda treni kutoka Quakers Hill kwenda kwake.

Sasa nieleze jinsi alivyofanya kazi, kwa sababu ugomvi wote umelala hapo. Kaka alikuwa na maiki moja tu. Si kwa umaskini, ni kwa imani. Alisema sahani alizozipenda zilirekodiwa hivyo, watu wote chumba kimoja, wakati mmoja, maiki moja katikati, na atakayekosea anawaharibia wenzake. Kwa hiyo hakuna kupandisha huyu na kushusha yule kwa vitufe. Mwenye kupanga ni sakafu. Ukiwa na kelele unarudishwa nyuma, ukiwa mnyonge unasogezwa mbele. Alisikiliza, akakuonyesha mahali, kisha akainama na kukubandikia msalaba wa tepu ya bluu chini ya miguu yako. Ukisimama nje ya msalaba wako, anasimamisha wimbo. Gereji nzima ilikuwa na misalaba hiyo, miaka kabla maduka hayajabandika alama zao za kutuambia tusimame mbalimbali.

Msalaba wangu ulikuwa mlangoni. Mlangoni kabisa, mgongo unagusa bati la mlango, na mbele yangu ngoma, gitaa, tarumbeta, kaka na besi yake, halafu ndiyo maiki, mbali huko. Safari ya kwanza sikujali. Nilikuwa mwimbaji peke yangu, hakuna aliyesimama karibu kuliko mimi isipokuwa vyombo. Nikaimba, kaka akafumba macho, na wimbo ulipokwisha akaniambia mlango wote ulikuwa unatetemeka. Sahani ilipotoka kiwandani ilikuwa na picha ya mshale wa lifti katikati, upande wa kwanza mshale unapanda, upande wa pili unashuka. Niliibeba kwenye mkoba wangu mpaka kingo za karatasi zikachakaa. Walionunua walikuwa watu wa mbali, Wajapani, Waingereza, wazee wa kukusanya sahani. Wabongo wenzangu waliniuliza tu kama ipo kwenye simu.

Kisha korona ikaja. Mimi ni mhudumu kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo sikukaa ndani kama wengine. Nilivaa barakoa, ngao ya uso na aproni ya plastiki, nikaogesha na kulisha wazee ambao watoto wao walikuwa wanawapungia mkono dirishani. Kilichonimaliza si kazi. Ni kanisani, maana walipotufungulia ibada walitukataza kuimba. Kukaa, ruksa. Kusali, ruksa. Kuimba, hapana, mate yanaruka. Kwaya nzima ya Kiswahili, Watanzania, Wakongo na Warundi, tukakaa kwenye viti vyetu vilivyotenganishwa tukisikiliza nyimbo zetu wenyewe kutoka kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa natoka mle kifua kimenijaa.

Yaya alikuwa wa kwaya hiyo. Ni Mkongo wa upande wa Bukavu, amenizidi umri kidogo, ndiyo maana nikamwita yaya, dada mkubwa, kama wanavyoitana kwao. Alifanya kazi ya kupakia maboksi kwenye ghala. Katika kwaya alisimama safu ya nyuma na ungeweza kukaa naye mwaka bila kujua kama anaimba au anatafuna bazoka. Nilikuwa nampa lifti kurudi nyumbani. Siku moja, vioo vimefungwa, barakoa bado usoni, nikamsikia anavumisha wimbo kwa ndani. Sauti ndogo, yenye mikwaruzo, lakini inakaa sikioni kama mtu anakusengenyea jambo la kwako mwenyewe. Nikamwambia, kesho kutwa twende mahali. Ndilo kosa langu, kama mnataka kuliita kosa. Mimi naliita ukarimu ulionitokea puani.

Kaka alimsikiliza yaya mstari mmoja tu. Akatazama chini, akakata tepu, akabandika msalaba mpya mbele ya maiki. Si karibu na maiki, ni mbele yake kabisa, kiasi kwamba yaya akipumua tu sindano za mashine ya kurekodi zinacheza.

Mimi nikabaki mlangoni. Safari hii kulikuwa na mtu wa kutazama, na niliutazama mgongo wake wimbo mzima. Yeye anatangulia, mimi naitikia, wimbo ambao nusu ya maneno yake niliyatunga mimi jikoni kwangu. Tulipopumzika nikamfuata kaka kwenye birika la chai.

"Kaka, mimi nimekukosea nini?"

"Kivipi, dada?"

"Mgeni wa leo kakaa meza kuu, mimi kwenye viatu."

"Dada, nikikuleta mbele utaizika bendi. Sauti yako inajaza chumba. Yaya akirudi nyuma hata hatua mbili, hayupo. Ni hesabu ya masikio tu, haina cheo."

Haina cheo. Mtu kazaliwa Dar es Salaam, kala harusi za watu, ananiambia mbele na nyuma havina cheo. Kwetu Tanga mwenye wimbo anatoka mbele, watu wanamwona, wanamtunza. Hata kanisani, wa solo anapiga hatua mbele ya wenzake. Mlangoni panawekwa viatu na miavuli. Nilimwambia nimeelewa, nikanywa chai yake, wala sikuelewa kitu. Nilijua ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sahani hiyo ya pili ndiyo iliyoipa lebo jina. Kuna watangazaji wa redio za usiku huko Ulaya waliipiga mpaka ikawachosha. Watu wakamwandikia kaka kumuuliza, huyu mama ni nani, ametoka wapi, ana nyimbo nyingine? Kaka alikuwa ananitumia ujumbe huo kwenye simu kwa furaha, maskini, anadhani ananifurahisha. Nilikuwa nausoma kwenye chumba cha mapumziko kazini, naweka simu kifudifudi, nakula wali wangu bila ladha. Wivu uliniingia ukavua viatu, ukakaa. Nikiwa naogesha wazee, upo. Nikiwa nasubiri treni, upo. Angekuwa yaya ana maringo ningepata pa kushika, lakini hata maringo hakuwa nayo. Alinipigia simu akaniambia, kwa Kiswahili chake cha kwao, "Dada, mie niko naogopa mikro ile sana. Inasikia mpaka mate. Weye uko na bahati, uko kule mbali, unafungua kinywa tu, unaimba na chumba kizima."

Nilidhani ananikejeli. Nikamjibu, "Haya, yaya, tubadilishane basi," nikakata simu kabla hajacheka.

Halafu serikali ikatufungia tena ndani, na safari hii walitufungia sisi wa magharibi ya jiji kuliko wengine. Quakers Hill iko kwenye eneo la Blacktown, tukawa hatutoki nje ya eneo letu ila kwa kibali cha kazi, helikopta za polisi zinazunguka juu. Mtaa wa kaka kule Penrith ulikuwa na nafuu kidogo. Na mnajua nani alikuwa amehamia kwenye kijumba cha uani kwa kaka, mwezi mmoja tu kabla? Yaya na wanawe. Mke wa kaka ndiye aliyempangisha. Kwa hiyo mimi nimefungiwa na mashine ya kufulia, na yeye anavuka nyasi kwa ndala, anaingia gereji, anafanya mazoezi na kaka na besi yake kila jioni. Walinirekodia na kunitumia kwenye simu ili nisipitwe. Nilisikiliza nikiwa nimekaa ukingoni mwa bafu, mlango nimefunga. Nilisikiliza kila moja, na kila moja iliniuma.

Wimbo waliokuwa wanaufanyia mazoezi ulikuwa mkubwa. Kaka alitaka sahani ya tatu iwe wimbo mmoja tu, mrefu, uanzie upande wa kwanza na kumalizikia wa pili, kama walivyofanya wapiga funk wa zamani walipokataa kukatwa. Wimbo mmoja, mtangulizi mmoja. Nani? Nilimpigia simu.

"Kaka, nasema wazi. Nautaka mimi. Na nautaka nimesimama mbele."

Nikamsikia akiweka besi chini. "Utaipasua maiki, dada."

"Basi ipasuke."

"Haya. Tukifunguliwa, uje. Ukiweza kukaa msalaba wa mbele na bendi ikasikika, wimbo ni wako. Yaya nitamwambia."

Yaya akakubali. Alikubali upesi mno, na hilo nalo likanikera. Nikaanza kujifunza kuimba kidogo. Niliingia kwenye kabati la nguo, nikasimama katikati ya makoti, nikajaribu kuishusha sauti yangu iwe ya kunong'ona na isife. Si kazi rahisi. Sauti yangu tangu utoto ilikuwa ya kumwitia mtu aliye ng'ambo ya shamba. Binti yangu alikuwa anasoma shule kwa kompyuta chumba cha pili, na mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza chake cha puani, kwamba mwalimu amemuuliza ni nani anayepiga kelele kabatini. Nikamwambia mwambie mwalimu ni mama yako na atulie.

Korona niliipata kazini. Ilipita kwenye ile nyumba ya wazee chumba hadi chumba, ikatukuta na sisi. Sitaki kulirefusha. Nililala chumbani kwangu, binti anaweka chakula mlangoni na kukimbia, na kuna siku nilikuwa nahesabu pumzi hadi kufika chooni. Yaya alinitumia sombe, kisamvu cha kwao, na samaki, kampa dereva mmoja wa kanisa letu mwenye kibali cha kupita. Ilikuwa sombe tamu kuliko yoyote niliyowahi kupika. Nililia kidogo, si kwa shukrani peke yake. Nilimwonea wivu hata kwenye sombe.

Nikapona, ndivyo walivyosema. Nikarudi kazini. Ngazi za stesheni ya Quakers Hill nilikuwa nazipanda nikisimama katikati, najifanya nasoma simu. Kanisani waliporuhusu kuimba tena nilikuta noti ndefu zinanikatikia, nikailaumu barakoa. Kabatini sikurudi. Nilijiambia sauti imepumzika, itakuja siku yake, nikiiona maiki itaamka yenyewe. Na moyoni nilikuwa naona msalaba wa mbele tu. Nilichagua mpaka gauni.

Walipotufungulia sisi wenye chanjo mbili, nilipanda treni ya Jumamosi asubuhi kwenda Penrith, nimekaa dirishani, gauni la kijani, mdomo nimepaka rangi chini ya barakoa. Gereji ilikuwa na watu walewale. Yaya alinishika mikono yote miwili kwa muda mrefu. Pale nilipokuwa nasimama mimi, mlangoni, kaka alikuwa ameweka friji ya zamani wakati wa kufungiwa, akaisukuma pembeni haraka aliponiona, akiomba radhi. Msalaba wangu ulikuwa bado upo pale ilipotoka, una vumbi.

Kaka alikuwa na desturi ya kufungua kila siku ya kurekodi kwa kupiga sahani ya kwanza ya lebo. Akaiweka. Mshale wa lifti ukaanza kuzunguka, ngoma, besi, halafu huyo mwanamke kutoka mlangoni. Sijui niseme nini. Alikuwa hajitahidi hata kidogo. Alifungua kinywa, chumba kikajaa, na alipofika juu kabisa ungejua bado ana akiba. Nilisimama pale nikimsikiliza kama nilivyokuwa namsikiliza yaya ukingoni mwa bafu, na roho iliniuma vilevile.

"Tuanze," kaka akasema. "Dada, anzia kwako kule mlangoni kwanza, nipate kipimo. Halafu tutaona la mbele."

Nikasimama juu ya msalaba wangu. Bendi ikaingia, nikaimba ubeti wa kwanza kwa nguvu zangu zote, mishipa ya shingo imenitoka. Kaka alikuwa amevaa vile visikilizio vikubwa masikioni. Akainua mkono, bendi ikanyamaza.

"Nisogee?" nikauliza.

"Sogea kidogo, dada. Njoo hapa kwenye kochi."

Nikasogea. Moyo ulinidunda kwa furaha, sitaki kudanganya. Nikaimba tena. Akainua mkono tena, safari hii bila kunitazama, akawa anatazama sindano za mashine.

"Sogea tena. Mpite tarumbeta."

Nikampita tarumbeta. Nikaimba. Mpiga ngoma, Mzungu mkimya ambaye hajui Kiswahili neno moja, akabadilisha fimbo zake akachukua zile za brashi, za kupiga polepole. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sauti yangu haifiki, nikiwa katikati ya mstari, na mstari wenyewe ukanikatikia. Kaka alipangusa miwani yake na shati, akaivaa, akaipangusa tena.

Yaya alikuwa amesimama karibu na msalaba wa mbele. Akarudi nyuma, akanipisha. Nilipompita alinigusa mgongoni, akaniambia kwa ile sauti yake ndogo, "Humu si vibaya, dada. Usiogope mate."

Nikasimama pale nilipopataka miaka yote hiyo. Maiki ilikuwa mbele ya midomo yangu, baridi, inanuka chuma. Nyuma yangu, mbali, ulikuwepo mlango wa bati na msalaba wa bluu ambao hakuna mtu juu yake, na nilimwonea kijicho yule mwanamke wa mlangoni kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote aliye hai. Bendi ikaanza taratibu. Nikaimba ubeti mzima, sauti yote niliyokuwa nayo, bila kuzuia hata chembe.

Kaka akavua visikilizio. Akaniita kwa upole, kama mtu anavyomwita mgonjwa.

"Vizuri sana, dada," akasema. "Sogea tena kidogo."